Mnara wa Chumbe na Giza la Mialo ya Geita

Katika Mkoa wa Geita zipo kazi mbili kubwa zinazofanyika gizani. Ya kwanza ni ya mchimbaji anayeteremka katika duara kutafuta dhahabu. Ya pili ni ya mvuvi anayesukuma mtumbwi majini, usiku usio na mbalamwezi, kwenda kuvua dagaa. Mchimbaji hateremki bila taa kichwani, na hakuna mwenye akili timamu atakayemwambia apapase kuta. Mvuvi naye anayo taa, zamani karabai na siku hizi taa ya betri au ya nguvu ya jua. Lakini taa hiyo ni ya kumwita dagaa. Haimwonyeshi njia ya kurudi nyumbani. Njia ya kurudi anaijua kwa mazoea: mwelekeo wa upepo, umbo la kilima mbele ya anga, taa ya duka moja lililo karibu na mwalo. Mwenye duka akienda kulala, taa ile huzimwa.

Taa hiyo ya kurudia nyumbani ndiyo inayostahili kufikiriwa na watumishi wa umma wa Geita na jirani zao wa Shinyanga. Ni jambo lililo katikati ya ofisi nyingi: bandari, uvuvi, halmashauri, mgodi, serikali ya kijiji. Kila ofisi ikiulizwa inaweza kuonyesha, kwa barua yenye kumbukumbu namba, kuwa jambo hilo ni la jirani yake.

Shinyanga inatajwa hapa kwa makusudi. Ni kweli kwamba mkazi wa Shinyanga mjini haoni ziwa hata akipanda juu ya mlima. Lakini maji anayokunywa yanatoka katika Ziwa Victoria, yakivutwa na mitambo ya Ihelele wilayani Misungwi na kupelekwa kwa mabomba hadi Shinyanga na Kahama tangu mwaka 2009. Dagaa anaowala wamevuliwa usiku katika ziwa hilohilo. Tena, mpaka mwaka 2012 Mkoa wa Geita ulipoundwa, Bukombe na Mbogwe zilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Wachimbaji na wavuvi wa ukanda huu ni watu wamoja. Kijana aliyekosa bahati katika duara huenda mwaloni, na aliyechoshwa na mwalo hurudi machimboni.

Pwani ya Tanzania na visiwa vyake imeishi na minara ya taa kwa zaidi ya miaka 100, na historia ya mmoja kati ya minara hiyo inaweza kuwafaa sana watu wa ziwani. Mnara huo uko Chumbe. Chumbe ni kisiwa kidogo cha jiwe la matumbawe, kiasi cha kilomita 12 kusini-magharibi ya Mji wa Zanzibar, kando ya njia ya vyombo vinavyokwenda na kutoka Dar es Salaam. Hakina mto wala kisima cha maji baridi. Waingereza, waliokuwa wakiitawala Zanzibar kwa jina la himaya, walijenga hapo mnara wa mawe mwaka 1904. Chini ya mnara ipo nyumba aliyokaa mlinzi wa taa, na ubavuni mwake msikiti mdogo wenye kuba, wa mtindo wa Kihindi, uliojengwa kwa ajili ya walinzi na jamaa zao.

Msikiti huo una habari ya kueleza kuliko mnara wenyewe. Waliojenga mnara hawakutosheka na kuweka taa juu ya jengo na kuondoka. Walijua kuwa taa ile ingekuwa na binadamu wa kuiangalia. Kwamba binadamu huyo angehitaji mahali pa kulala, maji ya mvua ya kunywa, na mahali pa kusali. Gharama ya mtu iliingia katika hesabu tangu siku ya kwanza. Hivyo ndivyo ilivyokuwa duniani kote katika zama hizo. Mlinzi alipanda ngazi kabla ya jua kutua, akasafisha vioo vilivyopakwa chumvi na masizi, akajaza mafuta, akakata utambi, akawasha. Kisha akaamka tena na tena usiku kuhakikisha moto haukufifia. Asubuhi aliandika katika daftari saa ya kuwasha, saa ya kuzima na hali ya hewa. Kazi ya kuchosha, isiyo na sifa. Mlinzi wa taa hukumbukwa usiku ule mmoja aliosinzia.

Kwa walimu wa sayansi, utendaji wa minara hii ni somo zuri. Moto wa taa ya mafuta, hata uwe mkali namna gani, hutawanya nuru yake pande zote, juu angani na chini ardhini, mahali ambapo hapana nahodha. Mfaransa Augustin Fresnel ndiye aliyetafuta njia ya kuikusanya. Badala ya lenzi moja nene ya kioo, ambayo ingekuwa nzito kupita kiasi, alipanga duara la vipande vya kioo vilivyokatwa kwa pembe mbalimbali, kila kipande kikipinda nuru kidogo hadi yote ikatoka katika tabaka moja la mlalo. Lenzi ya aina hiyo iliwekwa katika mnara wa Cordouan, Ufaransa, mwaka 1823. Tangu hapo taa ndogo ikaweza kuonekana kutoka mbali sana.

Mwaka 1926 taa ya Chumbe ilibadilishwa, ikafungwa mtambo wa gesi wa kampuni ya AGA ya Sweden. Gesi iliyotumika katika mitambo hiyo ni asetilini, ileile wanayoitumia mafundi wa kuchomelea vyuma, na ileile iliyowaka katika taa za wachimbaji wa migodi ya zamani. Aliyeifanya ifae kwa minara ni mhandisi Gustaf Dalén. Alitengeneza chombo cha kuikata gesi iwake na kuzimika kwa vipindi, hivyo kuokoa sehemu kubwa ya gesi. Na mwaka 1907 akabuni vali ya jua. Vali hiyo ni jambo la kustaajabisha kwa wepesi wake. Ina fimbo nyeusi katikati na fimbo zinazong'aa pembeni. Mchana, fimbo nyeusi hunyonya nuru, ikapata joto, ikarefuka, ikaziba njia ya gesi. Jua likitua hupoa, ikafupika, gesi ikapita na taa ikawaka. Hakuna saa, hakuna mkono wa mtu. Mwaka 1912 Dalén alipofushwa na mlipuko wa gesi katika majaribio yake, na mwaka huohuo akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Mtu aliyewasha bahari za dunia aliishi miaka yake iliyosalia, hadi mwaka 1937, bila kuona hata taa yake moja.

Hapo ndipo lilipoingia wazo ambalo limeleta hasara katika nchi nyingi changa: kwamba taa inayojiwasha yenyewe haihitaji mtu. Si kweli hata kidogo. Mtungi wa gesi huisha. Kioo huchafuka, na ndege hujenga viota. Chumvi hula chuma. Siku hizi taa nyingi za baharini zinatumia paneli za jua na betri, na hizo nazo zina maradhi yake: betri huchoka baada ya miaka michache, vumbi hufunika paneli, na paneli iliyosimikwa mahali pasipo mlinzi ni mali inayotamaniwa na kila mwenye redio ya kuchaji. Mtambo wa kujiwasha umempunguzia mlinzi kazi ya kukesha. Kazi ya kulinda imebaki palepale.

Chumbe yenyewe iliangukiwa na bahati katika jambo hili. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ilikitangaza kisiwa hicho na sehemu ya mwamba wake kuwa hifadhi ya bahari. Wavuvi wa vijiji vya jirani wakafunzwa kazi ya ulinzi wa hifadhi, na nyumba ya mlinzi wa taa ikatengenezwa kuwa kituo cha wageni. Watu wakarudi kisiwani, na mnara ukapata tena macho ya kuutazama kila siku. Ipo minara mingine katika pwani yetu, kama vile ule wa chuma wa Ras Kigomasha huko Pemba na ule wa Ras Mkumbi, ncha ya kaskazini ya Mafia, uliojengwa wakati wa Wajerumani. Kila mmoja una hadithi yake, na zote zikisomwa vizuri hurudia swali lilelile la nani anayepanda ngazi.

Swali hilo lina uzito kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu taa ya kuongozea vyombo ni ahadi. Nahodha hujifunza kuitegemea. Kila mnara hupewa tabia yake: rangi, idadi ya mimweko, urefu wa giza kati ya mmweko na mmweko. Tabia hiyo huandikwa katika vitabu na ramani za wanamaji ili anayeona mimweko miwili kila sekunde 10 ajue kuwa yuko mbele ya rasi fulani, wala si nyingine. Siku taa hiyo inapozimika bila taarifa, nahodha aliyeitegemea yuko katika hatari kubwa kuliko yule ambaye hakuwahi kuwa na taa. Huyu wa pili anakwenda polepole, anapima kina, anangoja kupambazuke. Yule wa kwanza anaendelea mbele akidhani kuwa bado hajafika.

Ndiyo sababu shirika la kimataifa linalosimamia taa na maboya, IALA, limeweka viwango vikali. Taa za daraja la kwanza hutakiwa kuwa zinafanya kazi kwa asilimia 99.8 ya wakati wote, zikipimwa kwa kipindi cha miaka 3. Mwalimu wa hesabu anaweza kuwapa wanafunzi wake swali hilo: miaka 3 ina siku 1,095, na asilimia 0.2 ya siku hizo ni siku 2 na kitu kidogo. Hata daraja la chini kabisa hudai asilimia 97. Ni mitambo mingapi ya umma katika wilaya zetu, ya maji, ya umeme au ya mawasiliano, inayopimwa kwa kipimo cha namna hiyo?

Sasa turudi ziwani. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Wasiolijua huliita maji matulivu. Wataalamu wa hali ya hewa wanaeleza kinyume chake. Mchana, ardhi inapopata joto, upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mvua za radi hunyesha zaidi juu ya nchi kavu. Usiku mambo hugeuka: ardhi hupoa, maji hubaki na joto, na hewa ya nchi zote zinazolizunguka ziwa hukimbilia katikati, ikakutana, ikapanda juu na kuzaa dhoruba. Kwa hiyo ziwa hili huchafuka zaidi usiku wa manane na alfajiri, saa zilezile ambazo mvuvi wa dagaa yuko kazini. Hata makadirio ya wastani ya idadi ya wanaokufa maji katika ziwa zima, kwa nchi zote tatu, yanazungumzia watu wapatao 1,000 kwa mwaka. Wengi wao hufa mmojammoja au watatu-watatu, katika mitumbwi isiyoandikishwa popote, na habari zao haziendi mbali kuliko kijiji chao.

Historia ya usafiri wa ziwa hili nayo haikosi mchango wake. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za mvuke zikaanza kuunganishwa huko kwa vipande vilivyoletwa kwa treni. Reli ya kutoka Tabora, ikipitia Shinyanga, iliingia Mwanza mwaka 1928, na pamba ya Usukuma ikapata njia nyingine ya kwenda pwani. Kwa muda mrefu meli za ziwa zote ziliendeshwa na chombo kimoja cha nchi tatu, kilichoona ziwa kuwa ni njia moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli ziligawanywa, na kila nchi ikabaki na maji yake. Meli ni rahisi kugawanya. Kazi ya kuangalia usalama wa njia si rahisi kugawanya, kwani mtumbwi uliopotea hauujui mpaka. Jumuiya mpya ilipitisha Sheria ya Usafiri wa Ziwa Victoria mwaka 2007, na mwaka 2016 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mradi wa mawasiliano na uchukuzi wa ziwa kwa ajili ya Tanzania na Uganda, ukilenga mawasiliano ya vyombo majini na kituo cha kuratibu uokoaji mjini Mwanza. Hayo ni mambo ya kupongezwa. Lakini kituo kilicho Mwanza, hata kiwe na mitambo mizuri kiasi gani, hakiwezi kusafisha kioo cha taa iliyoko Nkome.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya yamepitwa na wakati. Watataja kwanza daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, ambalo limewaondolea wasafiri wa Mwanza na Geita adha ya kungoja kivuko. Kweli, daraja hilo ni kazi kubwa. Lakini daraja halifiki Izumacheli, wala Kome, wala Maisome; na mvuvi hatavua samaki akiwa juu ya daraja. Hatari iliyopo ni kwamba wakubwa wote wakishaanza kuvuka kwa gari, shida ya wanaovuka kwa mtumbwi itapungua sauti katika vikao.

Watataja pili simu ya mkononi, inayoweza kumwonyesha mtu mahali alipo kwa msaada wa setilaiti. Hoja hii ina nguvu zaidi, na haifai kupuuzwa. Mwenye simu na aitumie. Lakini simu iliyoloa maji haitoi nuru, na betri yake huisha saa inapohitajika kuliko zote. Aidha, mtu anayepiga makasia katika mawimbi, au aliyeshika usukani wa injini huku mwenzake akikomba maji, hana mkono wa tatu wa kushikia simu. Taa iliyo juu ya kilima humwelekeza bila kumwomba kitu. Mabaharia wa meli kubwa kabisa, wenye vyombo vya thamani ya mabilioni, bado hutazama minara kwa macho yao ili kusahihisha vyombo hivyo.

Wapo wa tatu, na hao ndio wanaostahili jibu la heshima. Hao watauliza: je, MV Bukoba ilizama kwa kukosa taa? Hapana. Meli ile ilizama asubuhi ya Mei 21, 1996, ikikaribia Mwanza, ikiwa na abiria wengi kupita uwezo wake, na watu zaidi ya 800 wakapotea. MV Nyerere nayo ilipinduka mchana wa Septemba 20, 2018, karibu kabisa na gati la Bwisya katika Kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101, na waliokufa peke yao walikuwa 228. Hakuna mnara wa taa ambao ungewaokoa watu wale, na mtu asiwadanganye wananchi kwa kusema kwamba taa itaponya kila kitu. Kinachounganisha misiba ile na jambo hili ni kitu kingine. Idadi ya abiria wanaoruhusiwa ilikuwa imeandikwa. Aliyekosekana ni mtu wa kusimama mlangoni siku ile, saa ile, na kusema kwamba chombo kimejaa. Mlinzi wa taa na mkaguzi wa abiria ni ndugu wa damu: kazi ya kila mmoja wao haionekani mpaka siku isipofanywa.

Linabaki suala la fedha, ambalo ndilo kikwazo kinachotajwa mara nyingi. Wachumi wamebishana juu ya mnara wa taa kwa muda mrefu, na watumishi waliosoma uchumi watakumbuka ubishi huo. Mwingereza John Stuart Mill aliandika mwaka 1848 kwamba hakuna mtu binafsi atakayejenga mnara kwa faida yake, kwa sababu nuru humfikia anayelipa na asiyelipa. Mwaka 1974 Ronald Coase alimpinga kwa kuonyesha kuwa huko Uingereza watu binafsi waliwahi kujenga minara na kujipatia fedha. Hoja yake ilishangiliwa sana na wanaotaka dola ijiweke kando. Lakini ukiisoma historia hiyohiyo kwa makini unaona kwamba watu wale walitoza ada kwa idhini ya mfalme, na ada ilikusanywa bandarini, chombo kikiwa kimekamatwa na kamba. Na mwaka 1836 Bunge la Uingereza likaamua kuwa minara yote ya England iwekwe chini ya taasisi moja ya umma. Kwa vyovyote vile, fedha ya taa ilikusanywa pale chombo kinapotia nanga.

Mvuvi wa Geita naye hutia nanga. Analipa leseni ya uvuvi, analipa leseni ya chombo, na samaki wake hutozwa ushuru mwaloni. Hawezi kuambiwa kwamba anadai huduma ya bure. Zaidi ya hayo, Geita si wilaya maskini kwa mapato. Dhahabu yake ilichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1966 mgodi wa kwanza ulipofungwa, na mgodi mkubwa wa sasa umekuwa ukizalisha tangu mwaka 2000, ukitoa karibu wakia nusu milioni katika mwaka kama 2023. Mgodi huo hufanya kazi usiku na mchana chini ya taa kali, na maji yake huvutwa kutoka Ghuba ya Nungwe, katika ziwa lilelile. Mabadiliko ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanautaka kila mgodi ukubaliane na halmashauri juu ya mpango wa kila mwaka wa kuihudumia jamii. Mabilioni ya shilingi yamepita katika mipango hiyo, yakajenga madarasa na zahanati. Yote ni mema. Lakini orodha za miradi hiyo huandikwa na watu wanaokaa nchi kavu, na jengo la darasa lina faida moja ambayo taa ya mwalo haina: linaweza kukatiwa utepe mchana.

Taa za mialo si kazi ya kutisha kwa gharama. Hakuna anayependekeza mnara wa mawe kama wa Chumbe. Pwani ya Geita ina vilima vyenye mawe makubwa yaliyopandana, na maumbile yamekwisha kujenga minara kwa bure. Hesabu ni hii: ukitafuta kipeo cha pili cha urefu wa taa kutoka usawa wa maji, kwa mita, kisha ukazidisha kwa 2.08, unapata umbali wa upeo wa macho kwa maili za bahari. Mlingoti wa mita 6 juu ya kilima cha mita 30 unaifikisha taa kwenye mita 36. Kipeo chake cha pili ni 6, hivyo taa hiyo itafika maili 12.5. Ongeza maili 2 kwa ajili ya mvuvi ambaye macho yake yako mita 1 juu ya maji, na jumla inakuwa karibu kilomita 27, iwapo taa ina nguvu ya kutosha. Kwa mvuvi wa mtumbwi hiyo ni safari ya usiku mzima.

Ugumu uko mahali pengine. Katika usiku wa dagaa, ziwa hujaa taa za wavuvi kama mji ulioelea. Ufukweni zipo taa za maduka, za vijiji, za magari. Taa nyeupe iwakayo mfululizo juu ya mlingoti itapotea katikati ya hizo, na itampotosha mtu kuliko kumsaidia. Ndiyo maana taa ya mwalo lazima imweke kwa mpango wake, na mpango wa Nkome usifanane na wa mwalo unaofuata. Mpango huo ufundishwe mialoni, ubandikwe katika mbao za matangazo, usomwe katika shule za msingi za ufukweni mpaka mtoto wa darasa la nne aweze kusema mwalo wake unamweka mara ngapi. Na usibadilishwe ovyo na fundi aliyekosa kipuri. Jambo hili linahitaji wataalamu wa bandari na wa usafiri majini wakae meza moja na halmashauri za Geita, Chato, Sengerema na Buchosa, maana ukipanga mialo ya halmashauri moja peke yake utakuwa umeweka tabia moja ya taa mara mbili katika ghuba ileile.

Kisha awepo mlinzi. Asiwe kamati. Kamati ya watu 9 ni njia ya hakika ya kupata giza. Awe mkazi mmoja wa mwalo, mwanamume au mwanamke, anayejulikana kwa jina, mwenye posho inayolipwa kwa tarehe, mwenye ufunguo wa uzio, kitambaa cha kusafishia kioo na daftari. Katika daftari aandike kila jioni saa taa ilipowaka. Ikikataa kuwaka, apige simu Mwanza usiku uleule, na habari ienezwe kwa redio na mialoni kabla mitumbwi haijaondoka. Mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu anaweza kuombwa kulikagua daftari hilo mara moja kwa mwezi. Walimu wana kazi nyingi, lakini daftari la namna hiyo ni ukurasa mmoja, na zipo shule za ufukweni ambazo orodha ya wanafunzi waliofiwa na baba majini ni ndefu kuliko ukurasa huo.

Halmashauri zinapokaa kuandaa makisio, ni rahisi kuingiza mlingoti, paneli na taa katika fungu la maendeleo, au kuomba mgodi ununue vyote kwa mkupuo. Linalotakiwa kutafutwa katika vitabu vya makisio ni fungu la pili, lile la matumizi ya kawaida: betri za kubadilisha, rangi ya kuzuia kutu, mafuta ya boti ya kukagulia, posho ya mlinzi kwa miezi 12, mwaka baada ya mwaka. Diwani wa kata ya ufukweni aliulizie fungu hilo kabla ya kupiga makofi. Likikosekana, mlingoti usisimikwe, na wavuvi waachwe na giza wanalolijua.